Nilivyoipoteza Dua ya Bibi

Aibu hii bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Zaina, maana yeye ataongeza chumvi (ingawa hii hata haihitaji).

Bibi yetu yuko Mtae, juu kabisa milimani, miguu imegoma, na ile barabara haimfai, kwa hiyo Hoza, mpiga picha wa harusi, alipanda kumrekodi akimsomea Zaina dua ya kutoka nyumbani, na Zaina akaapa hatoki kwetu Malindi (hii ya milimani, si ya pwani) bila kuisikia. Mimi nikaanza kumshuku Hoza. Kwa nini video ya bibi yangu ikae kwenye kompyuta yake? Si ataitupia mtandaoni, watu wacheke? Basi asubuhi ya harusi nikamwomba kompyuta, nikachomeka flashi yangu, na badala ya kunakili video nikaihamisha, isibaki kwake hata chembe. Mara ikaandika imemaliza. Haraka hivyo? (Nashuku kila kitu, ila hapo nilipotakiwa kushuku, nikafurahi.)

"Mghoshi, ngoja kidogo," Hoza akasema.

Ningoje ili ufanye nini? Nikachomoa, nikatia mfukoni.

Wageni wamejaa, runinga imewashwa, flashi nimeichomeka, bibi harusi kajifunika anasubiri. Jina la faili lipo, ndani hamna kitu. Nami nikasimama mbele ya wakwe, nikamnyooshea Hoza kidole: "Huyu amebadilisha flashi!"

"Fungua kompyuta yako hapa hapa," mjomba akamwamuru Hoza. Ikafunguliwa. Hamna.

"Aliyeiondoa ni yeye," Hoza akasema, akinionyesha mimi. "Nilimwambia angoje."

Ndipo somo la chuo likanirudia, na nililifaulu vizuri tu: kiini cha mfumo endeshi hulipokea faili kwenye kumbukumbu ya muda, kinakwambia tayari, kisha ndiyo kinaliandika kwenye flashi taratibu. Mimi nilichomoa dua ikiwa bado njiani, na ikabidi niwaambie.

"Na hiyo digrii ulisomea nini, baba?" shangazi akauliza, wageni wote wakicheka.

Simu ya bibi haikupatikana. Zaina akatoka nyumbani analia, bila dua.

Wiki iliyofuata nikapanda Mtae na Hoza (nilishamwomba radhi).

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemwita kijana wa watu mwizi?"

Nikamwomba aisome tena. "Ile ni ya kumtoa binti nyumbani," akasema. "Ameshatoka. Niisome atoke nani?"

Siku hizi nikiambiwa ngoja, nangoja. Kuuliza kwa nini bado nauliza, ila kimoyomoyo, na mkono nimeuweka mbali na flashi.