Valvu Iliyofungwa

Okeyo alikuwa ndani ya tangi la sabuni, na Rachael Nelima hakuhitaji kumwona fundi wake huyo ili ajue yuko wapi. Alimsikia. Kila spana ilipogonga chuma, tangi zima liliitika kama kengele ya kanisa, na juu kwenye mlango wake kamba ya njano aliyojishikiza kiunoni ilitikisika kidogo. Kwenye sakafu ya tangi hilo, karibu na miguu ya Okeyo, lilipita bomba lenye matundu. Mvuke ukiachiliwa, hutokea hapo.

Kiwanda ni cha Bwana Nyamai, huko Kawangware. Kwa miaka mingi wapishi wake wa sabuni walizungusha valvu kwa mikono na kukisia joto kwa macho. Sasa Nyamai alitaka mitambo ijiendeshe: joto lijipime, mvuke uje na kukatika wenyewe, na yeye atazame yote kwenye skrini. Kazi hiyo alimpa Rachael, na hakubahatisha. Rachael ni binti ya marehemu Wanzala wa Kambi Muru, fundi wa chuma ambaye hakuna mtu aliyewahi kumrudishia dirisha kwa ubovu. Mama yake, mwalimu Nabwire, alimsomesha hadi akawa injinia, na hadi leo humwambia, "Watu wakisema binti ya Wanzala, wasimalizie na neno baya."

Rachael hashiki bisibisi sana siku hizi. Kazi yake ni kusimama katikati. Mteja anataka mtambo uwake leo, mafundi wanaomba wiki nyingine, na mtambo wenyewe haukubali kudanganywa. Ana sheria moja asiyoivunja: kabla mtu hajaingia kwenye tangi, yeye mwenyewe huenda nyuma kwenye valvu ya zamani, ile ya kuzungushwa kwa mkono, akahakikisha mvuke umekatwa, kisha akaitia kufuli. Ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka mtu atoke.

Siku hiyo kufuli lilikuwa bado mezani.

"Injinia, wageni wangu wako getini," Nyamai alisema, akimfuata kila alipogeuka. "Wametoka mbali kuona huu mtambo. Niwaonyeshe nini, ngazi?"

"Bwana Nyamai, kuna mtu ndani. Kipima joto kimeleta shida."

"Kila siku kuna mtu ndani! Hilo tangi mmelifanya nyumba ya kupanga?"

Wapishi wa sabuni walicheka. Rachael alihisi masikio yakimchemka. Badala ya kwenda nyuma ya tangi, alipaza sauti.

"Austin! Valvu ya mvuke umefunga?"

"Nimefunga, madam!" Austin, fundi wa mabomba, alijibu kutoka upande wa pili.

"Una uhakika?"

"Kabisa! Kwani leo huniamini?"

Wageni waliingia, wanaume watatu wenye makoti, na Nyamai akawapeleka moja kwa moja mbele ya skrini. Hapo alikuwa ameketi Chris, aliyeandika maagizo yote ambayo mtambo ungefuata. Chris alimtazama Rachael.

"Madam, si tujaribu hiyo valvu mpya ya mvuke, hii inayoamriwa na skrini? Ifunguke tu kidogo, waone inaitika."

Kama mvuke ulikuwa umekatwa kule nyuma, valvu mpya ingefunguka na kurudi bila kumdhuru mtu yeyote. Ndivyo Rachael alivyojiambia. Hata hivyo, mtu akiwa ndani hakijaribiwi kitu, na hilo alilijua vizuri kwa sababu ndiye aliyelibandika ukutani. Nyamai alimkodolea macho. Wageni nao walimkodolea macho.

"Jaribu," alisema.

Chris akagusa skrini. Wakati huohuo Austin alitokea nyuma ya tangi akipangusa mikono, uso umejaa furaha ya kazi iliyokwisha.

"Madam, hiyo kitu nimefunga na boliti nane. Hata tembo akivuta haitoki!"

Boliti nane.

Hakuna anayekata mvuke kwa boliti. Valvu ya zamani huzungushwa kwa mkono, basi. Boliti ni za valvu mpya. Austin alikuwa ameulizwa kama amefunga, naye alikuwa kweli amefunga, jinsi mafundi wote wa Nairobi wanavyofunga injini, wanavyofunga tangi la maji juu ya nyumba, wanavyofunga mlango mpya kwenye fremu: ameipachika na kuikaza, tayari kwa kazi. Rachael alikuwa ameuliza kama mwenye nyumba anavyouliza juu ya mfereji. Neno moja, na kati ya maana zake mbili alikuwa amesimama mtu. Siku hizi kwenye kazi za Rachael hakuna anayeruhusiwa kulitamka. Husema "nimekata" au "nimepachika." Lakini hizo ni siku hizi.

Aliruka, akapiga kile kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja.

"Okeyo, toka! Toka!"

Paneli ya mtambo ilifoka hewa iliyokuwa ikiishikilia wazi valvu mpya, nayo ikajirudisha kwa kishindo. Ilikuwa imefunguka kwa pumzi moja tu. Pumzi hiyo ilitosha. Tangi lilinguruma, mvuke mweupe ukapanda mlangoni, na kutoka ndani yake ukasikika ukelele ambao hakuna aliyeutambua kuwa ni wa Okeyo. Rachael na Chris walivuta kamba. Austin alipanda juu, akaingiza mikono ndani ya ule weupe bila kuona, akashika kola.

Okeyo alitoka akiwa na buti moja. Mguu wa pili, kuanzia kifundo hadi vidoleni, ulikuwa mwekundu na umeanza kuvimba. Walimkalisha chini ya bomba la maji baridi.

"Nani amenipika?" aliuliza, meno yakigongana. "Mimi ni sabuni?"

Austin alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

Nyamai alimvuta Rachael pembeni. "Tuseme aliteleza kwenye ngazi. Mambo ya kawaida hayo. Fikiria jina lako, injinia. Fikiria langu."

"Mtambo hauwaki leo, Bwana Nyamai."

"Na wageni?"

"Wageni wameona."

Kliniki walisema mguu utapona, ila hautaingia kiatuni kwa muda mrefu. Jioni Rachael alimrudisha Okeyo nyumbani Gatwekera, si mbali na Kambi Muru, akimshika mkono kwenye vichochoro ambamo gari haliingii. Okeyo alirukaruka kwa mguu mmoja, akinong'ona.

"Madam, tumwambie Mama Adhis niliteleza. Akisikia mvuke, kazi imeisha. Nakuomba."

Rachael alimvusha mtaro kwanza. Neno "aliteleza" lilikuwa jepesi. Lingemwacha Austin na usingizi wake, Nyamai na wageni wake, na nyumba ya Wanzala nje ya midomo ya watu. Lingembebesha kosa mtu mmoja tu, yule mwenye bendeji.

Filister, mke wa Okeyo, alikuwa mlangoni akikatakata mboga za sukuma. Aliona mguu kabla hajaona nyuso.

"Baba Adhis! Hiyo ni nini?"

"Nili..."

"Ni mvuke," Rachael alisema. Akaeleza yote akiwa amesimama: swali aliloliuliza, jibu alilolipata, kufuli lililobaki mezani, na neno "jaribu" lililotoka kinywani mwake mwenyewe.

Filister aliweka kisu chini. "Kwa hivyo hukuenda kuangalia."

"Sikuenda."

"Na huyo Austin kama hangejigamba na boliti zake?"

Rachael alimsaidia Okeyo kuegemea ukuta.

"Mama Adhis, basi," Okeyo alisema.

"Wewe nyamaza, umefungwa mguu, funga na mdomo." Kisha akamsukumia Rachael kigoda kwa mguu. "Keti. Watu wamewaona mkipita. Watakuja kuuliza, na mimi sitakusemea."

Rachael aliketi. Jirani wa kwanza alikuwa tayari amesimama mlangoni, shingo mbele.

"Niaje hapa? Okeyo, huo mguu vipi, umeteleza wapi?"

Filister alichukua kisu chake, akaendelea na sukuma.

"Hakuteleza," Rachael alisema.