Saa Moja ya Pampu

Kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, kikundi chetu cha maji huku upande wa Sotik kilikuwa kimefunga pampu ya stima kwenye chemchemi iliyo chini ya mashamba ya chai, ya kupandisha maji hadi kwenye tangi la kuchotea. Pampu ilikuwa na saa ndogo ya dijitali ya kuiwasha na kuizima, ili isikaushe chemchemi wala kula stima bure. Fundi aliifunga akaenda zake. Mwenyekiti wetu, mzee ambaye sijawahi kumwona akifanya kazi ovyo, ndiye aliyebonyeza masaa: ianze saa moja asubuhi, izime saa tatu, wakati watu wanachota.

Lakini maji yakawa hayatoshi. Alfajiri tangi limejaa, na kabla ya chai ya saa nne limebaki tope. Mboga zetu zikanyauka. Za mama mmoja tu, ambaye shamba lake liko chini ya tangi, zilibaki kijani mpaka ukadhani anatuchokoza.

Watu wakasema anafungulia mfereji wa shambani kwake usiku. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa Kisii wakanunua shamba kwetu. Sitaki kusema alishukiwa kwa sababu hiyo, lakini pia siwezi kusema haikuchangia. Yeye alisema tu, "Mimi naamka nakuta udongo umelowa. Nikadhani ni Mungu."

"Mungu wako peke yako?" mmoja akamrushia, na watu wakacheka kile kicheko kibaya.

Ikaamuliwa atolewe kwenye kikundi na mfereji wake ukatwe. Alikuwa na watoto wadogo na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mto uko mbali. Jioni tukashuka mpaka kibanda cha pampu, na yeye nyuma yetu, mtoto mgongoni.

Kabla ya kukata, mwenyekiti akataka kila mtu aone kwamba pampu haina makosa. Akabonyeza, akasoma kwa sauti. "Kuanza, moja. Kuzima, tatu. Mnaona?" Akabonyeza tena. "Na sasa hivi ni nne na nusu..."

Akaangalia jua, ambalo lilikuwa limeshainama. Ilikuwa saa kumi na nusu.

"Mwenyekiti," yule mama akasema polepole, "chai ya saa nne leo umekunywa mara ngapi?"

Kwa saa ya mishale hakuna mtu anayekosea kwetu: mshale uko kwa saba, mdomo unasema moja. Hii haikuwa na mishale. Mzee aliwaza moja asubuhi, akabonyeza 1 AM, ambayo ni saa saba usiku, na sidhani mimi ningefanya tofauti. Pampu ilikuwa ikiamka tumelala, inajaza tangi, yanayozidi yanateremka kwa yule mama. Asubuhi tukichota, hakuna kinachoongezeka.

Mzee akavua kofia. "Mama, nisamehe. Nimekuwa nikikumwagilia shamba usiku na kukuita mwizi mchana."

"Umemwagilia vizuri, baba," akamjibu. Hapo tulicheka, na mara hii kilikuwa kicheko kizuri.

Saa ikarekebishwa, mfereji wake haukukatwa. Kabla ya mvua kurudi, sukuma wiki yake ilikuwa imenyauka kama yetu. Nilimhurumia, ingawa sijui kama aliitaka huruma yangu. Alikuja na mtungi wake akapanga foleni tangini nyuma yangu, na maji yalipomfikia yalikuwa bado yanatoka.