Leo nimemshika mama mkwe mkono

Jamani, leo nimemshika mama mkwe mkono. Na bado niko hai.

Watu wa Kabuchai najua mmeshatoa macho. Wengine niwaeleze: kwetu mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawakaribiani. Hata kwa gari leo alikaa nyuma kabisa, anaangalia dirisha.

Nilikuwa nampeleka Kitale kuchomwa macho na laser. Sukari imeyaharibu, na bila hiyo laser atakuwa kipofu.

Daktari akamtia dawa ya matone, akasema haimalizi uchungu wote. Na akitingisha kichwa, laser itachoma mahali pabaya. Kinachosaidia ni kufinya mkono wa mtu.

"Kijana, mshike mama."

"Daktari, huyu ni mama mkwe."

"Sasa?"

Ati sasa! Bana, nilirudi nyuma mpaka mlangoni.

Laser ikapiga. Mama akaruka. Daktari akazima mashine, akasema mama akiruka tena basi, yeye ataacha.

Halafu nikaona mkono wa mama unatafutatafuta hewani.

"Baba Nafula, uko wapi? Leta mkono."

Nikaleta. Alifinya mpaka kucha zikaingia, lakini kichwa hakikutingika tena hadi mwisho.

Wakati wa kurudi alikaa nyuma vilevile, akaangalia dirisha kama hatujuani.

Sasa mke wangu Mama Nafula, mtoto wa kumzaa wa huyo mama, amesimama mbele yangu anauliza hizi kucha ni za mwanamke gani.

Nijibu nini?