Kichwa cha Mbuzi Nilichokipeleka Mugumu

Nianze na waliokuwepo uwanjani kwangu Matongo siku ile, maana shule niliishia darasa la pili, ila jina la mtu halinipotei. Alikuwepo mwanangu Marwa, mchenjuaji wa dhahabu; mkewe Bhoke; Mwita, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu; na Chacha wa bodaboda, ambaye mama yake ni rika langu.

Marwa alikuwa akishika zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono mitupu tangu karasha zilipoanza kusaga mawe kwetu. Mikono ikaanza kutetemeka, kikombe hakifiki mdomoni, maneno yanamponyoka. Hospitali akakataa. "Wote mwaloni tunatetemeka," alisema. Mwalo ndipo wanapooshea mchanga wa dhahabu. Mwita alikuwa na jibu lake: Bhoke kamroga, arudishwe kwao.

Lakini na mbuzi wangu, waliokunywa maji ya mwaloni, walikuwa wanayumba kama walevi, wanakufa mmoja mmoja. Akabaki mmoja. Mtafiti wa Mugumu, Daktari Zuhura, alipopita kwetu kuangalia mifugo aliniambia: "Bibi, huyu akianza kuyumba mchinje, niletee kichwa siku hiyohiyo kikiwa baridi. Nitaona kama zebaki imeingia ubongoni."

Siku mbuzi huyo alipoyumba nilimuuliza Mwita pale uwanjani mbele ya watu, "Na huyu mbuzi, Bhoke kamwonea wivu gani?"

Watu walicheka. Mwita hakucheka. "Leta majibu ya daktari wako. Yakisema zebaki, nanyamaza. Yasiposema, mwanamke aondoke."

Asubuhi iliyofuata nilichinja. Kwetu kichwa chenye manyoya hakiingii nyumba ya mtu, ni kumdharau mwenyeji. Nikakibabua kwenye moto mpaka pembe zikang'oka, nikakikwangua kwa kisu, kikawa cheupe.

"Mama, daktari alisema tukibabue?" Bhoke aliniuliza.

"Hakusema tusikibabue."

Nikakitia kwenye ndoo pamoja na barafu ya muuza soda.

Saa mbili tuliondoka, ndoo katikati yangu na Chacha. Tulipovuka daraja la Mto Mara akaniambia, "Bibi, askari wa wanyamapori wakitusimamisha watasema tumeua swala."

"Waambie ni supu ya mkweo."

Nilicheka. Tangu siku hiyo sijacheka vile.

Saa tano tukafika Mugumu. Zuhura alinipokea mlangoni mwa maabara. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Akafunua ndoo. Akakigeuza kichwa huku na huku.

"Nani amekibabua?"

"Mimi. Ningekuletea uchafu?"

Akakaa kwenye kiti taratibu, akaniuliza kama kuna mbuzi mwingine. Nikamwambia huyo ndiye wa mwisho. Akasema basi atajaribu.

Alinionyesha kichupa kidogo kama cha chanjo ya ndama. Akasema ndani yake mna kingamwili. Nikamwomba kidogo nimpelekee Marwa anywe.

"Haiponyi, bibi. Inatafuta tu. Ni kama mbwa wa askari wa hifadhi anayenusa pembe za ndovu: mtupie nyama, anapita. Na hii ndani ya ubongo inatafuta kitu kimoja, kimeng'enya kinachoitwa kinasi, inakishika, panaota rangi ya kahawia. Ubongo mzima una rangi tele. Wenye sumu, rangi inapungua."

Nililala kwa mama yake Zuhura, akanikaribisha kwa wali na nyama.

Kesho yake alasiri Zuhura aliniita niangalie kwenye darubini. Kioo cha kwanza kilikuwa na kipande cha ubongo wa mbuzi mwenye afya wa kijiji cha Robanda: kahawia kama udongo wa mvua. Cha pili kilikuwa chetu. Kitupu.

"Si umeona?" nikamwambia. "Rangi hamna. Andika zebaki."

"Moto nao unaharibu, bibi. Ubongo umeiva. Siwezi kujua ni zebaki au ni moto wako."

"Andika, mwanangu. Kuna mtu anafukuzwa nyumbani kwake."

Alilia, yule binti. Lakini hakuandika.

Tulirudi Matongo jua linaelekea kuzama. Mwita alikuwa amekaa na Marwa, Bhoke amesimama. "Majibu?" Mwita akauliza. Nikasema hayapo, nikaeleza habari ya moto. Akamgeukia Marwa, "Umesikia mwenyewe." Marwa alifungua mdomo amtetee mkewe, neno likakataa kutoka, akabaki anatetemeka tu. Bhoke akafunga nguo zake kwenye kanga, akaniambia, "Mama, usijilaumu," akashika njia ya Kemambo kwa kaka yake. Kabla mvua za vuli hazijaisha, tukamzika Marwa.

Nilichojifunza ni hiki: ukitumwa kitu na mtu wa kazi nyingine, uliza hata unalodhani unalijua. Mimi niliona aibu ya manyoya.

Nyie mliokuwepo, kama nimekosea siku au saa, nisahihisheni. Ila aliyekibabua kichwa ni mimi. Hilo msinisahihishe.