Mita Moja ya Baba

Nimefundisha fasihi Temeke kwa miaka kumi na moja, na muda wote huo nimewaambia wanafunzi kwamba shujaa wa tanzia lazima awe mtu mkubwa: mfalme, jemadari, angalau tajiri. Aanguke kutoka juu, tena kwa kosa lake mwenyewe. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba hata fundi wa kujenga anaweza kuwa shujaa wa namna hiyo. Nikamchorea X nyekundu na kumnyima alama zote nne. Baba yangu ni fundi wa kujenga, kwa hiyo nilijiona najua ninachokisema.

Wiki hiyohiyo watu wa barabara walipita mtaani kwetu, mbele kidogo ya Ubungo, wakachora X nyekundu kwenye nyumba sita za mstari wetu. Walisema kila moja imeingia mita moja ndani ya hifadhi ya barabara. Wakatupa mwezi mmoja.

Nyumba zote sita alizijenga baba. Yetu ilikuwa ya kwanza. Alipima mita thelathini za hifadhi kutoka katikati ya barabara, akapigilia kigingi, na majirani walipokuja kujenga walivuta kamba kutoka kwenye kona yetu. Hakuna aliyepima tena. Kipimo cha baba kilikuwa kama mhuri wa serikali.

Mjumbe akaitisha kikao barazani kwetu. Wakakubaliana mzee apime upya, wale vijana wa barabara na vyombo vyao waumbuke.

"Aliyekosea apatikane," baba alisema, "na kuta hizi azijenge upya kwa mikono yake mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Asubuhi nikaenda kumshikia tepu. Tepu yake ndefu ilikatika mita ya kwanza kabla sijazaliwa, na fundi hatupi tepu kwa jambo dogo kama hilo. Unashikilia kwenye moja, ukimaliza kupima unatoa moja. Nilisimama katikati ya barabara nimeshikilia kwenye moja, madereva wakinitukana kwa zamu. Baba alifika kwenye kona ya nyumba, akasoma. Akasoma tena. Kisha akakaa chini mchangani.

"Thelathini," aliniambia nilipomfikia.

"Si ndiyo hiyo, baba? Tumeshinda."

"Toa moja."

Siku aliyojipimia nyumba yake mama alikuwa na mimba yangu; furaha ilimjaa baba, akasahau kutoa. Nilimwomba anyamaze, na siwezi kujificha katika hilo. Tepu ilisoma thelathini, na mjumbe naye angesoma thelathini. Baba alinitazama jinsi anavyotazama ukuta uliopinda.

Jioni watu wakajaa tena barazani. Baba alisimama, kofia mkononi.

"Aliyekosea ni mie," alisema, akaeleza habari ya ile mita.

Hakuna aliyemtukana. Ningefurahi wangemtukana. Jirani yetu mpika chapati aliuliza kama chai bado ipo, ikamiminwa, ikanywewa.

Kuanzia kesho yake baba alivunja ukuta wa mbele wa kila jirani na kuujenga mita moja nyuma. Ana miaka sitini na nane. Nilipomwambia aanze na yetu, alinijibu kwamba mganga hajigangi. Mwezi ulipoisha alikuwa amemaliza nyumba tano.

Greda lilipofika lilikuta X moja tu imebaki. Baba alimwomba dereva dakika mbili. Nikaenda kushikilia tepu barabarani, yeye akapima hadi thelathini na moja, akachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa ubavuni. Mstari ulinyooka sana.

"Ishia hapa, mwanangu," alimwambia dereva.

"Shikamoo, mzee," dereva alijibu kwa adabu. Kisha akaangusha ukuta wa mbele, na mita moja ya sebule na ya chumba walicholala wazazi wangu tangu nizaliwe.

Nililia mbele ya mtaa mzima. Baba alikuwa anaokota tofali ambazo hazijavunjika, anazipanga kando.

Jumatatu niliomba karatasi ya yule mwanafunzi, nikafuta ile X, nikamrudishia alama zake nne. Akaniuliza imekuwaje.

"Aliyekosea ni mie," nikamwambia, nikafungua daftari la mahudhurio.