Umekaa au Umelala

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapotafuna kitu kigumu. Nitakusimulia taratibu, maana taya langu la kushoto halikurudi mahali pake na maneno marefu yananichosha. Wajukuu wanasema nazungumza kama mtu mwenye pipi mdomoni. Waache wacheke, wao hawakuwepo.

Nilikuwa kijana wa kubeba mifuko ya fimbo za gofu, kedi kama tulivyoitwa. Najua leo ukimwambia mtu wa Mtwara kwamba zamani tulikuwa na kiwanja cha gofu, anakuchungulia usoni kuona kama umetoka kunywa uraka. Kilikuwepo, kidogo tu, nje ya mji upande wa baharini. Mabwana wa kampuni moja walikitengeneza wapate pa kupumzikia jioni. Mwalimu wa mchezo pale alikuwa Mjomba Albano, kaka yake mama, aliyevushwa mto Ruvuma akiwa mtoto wa mgongoni. Na wewe unajua kwetu mjomba ni nani. Baba alinizaa, lakini Mjomba ndiye aliyenilea, akanipeleka jandoni, akanitafutia na kazi. Kwa ualimu wake alipewa nyumba ya vyumba viwili, na humo tuliishi sote, mama na wadogo zangu wakiwemo.

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa fimbo, kilikuwa majani. "Usiuangalie mpira," alikuwa akisema. "Mpira ni ule ule kila siku. Angalia umekalia nini." Karibu na bahari tulikuwa na majani manene yanayovumilia chumvi. Hayo hata yakikatwa yanaubeba mpira juu kidogo, na fimbo inapita chini yake bila shida. Lakini sehemu kubwa ya kiwanja ilikuwa ukoka. Ukoka ukikatwa chini kabisa, halafu ukapigwa na jua la mwezi wa kumi, unabaki nyuzi tu juu ya udongo mgumu, na mpira hapo hauna godoro. Ukijaribu kuuchota kutoka chini, fimbo inagonga ardhi kwanza, inaruka, inaukuta mpira tumboni. Mpira wa namna hiyo haupandi. Unatoka chini chini kwa kasi ya kuua. Ukoka mkavu unataka uegemee mguu wa mbele, uchukue fimbo ndogo, uuguse mpira kabla hujaugusa udongo.

Kwa hiyo makedi wa Mtwara tulikuwa na maneno yetu mawili. Mpira uliobebwa na majani ulikuwa "umekaa". Ulioshikana na ardhi ulikuwa "umelala". Mchezaji anauliza umekaa au umelala, kedi anajibu neno moja, basi.

Wengine waliuliza kwa mazoea. Mjomba aliuliza kwa sababu hakuona. Macho yake yalikuwa yamefifia kidogo kidogo mpaka watu akawaona kama vivuli, na mpira hakuuona kabisa mpaka nimwongozee ncha ya fimbo. Mikono yake ilikuwa bado ile ile ya zamani, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Alinikataza kumwambia mtu yeyote. "Wakijua wanatutoa nyumbani mwezi huu huu," alisema, na mimi nikaapa. Nakwambia kweli, niliona fahari. Kijana akipewa siri na mtu mzima hujiona ameshakuwa mtu mzima mwenzake.

Siku yenyewe alikuja bwana mkubwa kutoka Dar es Salaam. Ilijulikana amekuja kuamua kama kiwanja kinahitaji mwalimu bado, na alitaka kucheza na Mjomba mwenyewe. Asubuhi meneja akahofia kwamba wageni watapoteza mipira vichakani, akaniagiza nitangulie juu ya mwinuko nitazame inapoangukia. Mfuko wa Mjomba akapewa Elia.

Elia alikuwa mtoto wa mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi. Kijana mzuri, mwenye adabu kunizidi. Ukedi aliujifunza huko kwao, kwenye majani ya kikuyu, yale mazito yanayotambaa na kufumana kama mkeka. Juu ya majani yale mpira umebebwa karibu kila mahali, kwa hiyo hakuna haja ya kuulizana. Nilimweleza Elia habari za fimbo zote za Mjomba, ipi inapeleka mpira kulia, ipi mpini wake umechoka. Habari ya macho sikumwambia.

Yaliyosemwa kule chini nilisimuliwa baadaye na Elia, akilia. Mpira wa Mjomba ulikuwa umeangukia kwenye ukoka mkavu, mahali pasipo hata jani la kijani. Mjomba akauliza, "Umekaa au umelala?" Elia akatazama mbele, akaona hakuna mti wala kichaka mpaka kwenye bendera. Akajibu, "Umekaa wazi kabisa, Mzee."

Elia alimaanisha kwamba hakuna kinachozuia. Mjomba alishika lile neno la kwanza. Akaomba fimbo kubwa ya mbao, ile ya kuupeleka mpira mbali, na Elia akampa, akamwekea na ncha nyuma ya mpira kama alivyoagizwa, akidhani ndiyo desturi yetu, kwa sababu kedi mgeni hamkosoi mwalimu mbele ya wakubwa.

Mimi kule juu nilimwona akinyanyua mikono. Niliinua uso kuutafuta mpira angani kama nilivyozoea. Nikasikia mbao ikigonga udongo, mlio mkavu. Mpira wenyewe sikuuona.

Nilizinduka hospitalini, meno ya upande mmoja hayapo na kichwa kizima kimefungwa bandeji, nimeachiwa tundu dogo la kunywea. Mama alikuwa amesimama miguuni. Mjomba aliomba anilishe uji mwenyewe, na nani amkatalie mjomba? Akachota, akaleta kijiko, kikagusa shavu. Akakiinamisha pale pale. Uji ukawa unatiririka shingoni mwangu, naye anasubiri kwa upole, akidhani nakunywa.

"Kaka," mama akasema, "huoni?"

Mjomba aliweka bakuli kitandani, akalipapasa mpaka likakaa sawa.

"Sioni, dada. Tangu mvua za mwaka juzi."

"Nani anajua?"

"Huyu."

Mama akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile tena, na naomba nisitazamwe. Daktari alipompima Mjomba akasema ni presha ya macho. Akasema yapo matone ambayo yangeweza kulinda uoni uliobaki kama angekuja mapema, ila sasa hakuna tena cha kulinda. Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jioni ile Mjomba alinikemea, bila kupandisha sauti. "Nilikuomba unifichie, nawe ukanifichia. Nikafurahi nimepata mpwa mtiifu. Ningepata mbishi, angekwenda kwa mama yake siku ya pili akamwambia mjomba haoni. Ningemchapa, halafu ningepelekwa hospitali. Kosa ni langu mimi mkubwa. Lakini wewe usije ukampenda mtu namna hii tena."

Nyumba ilichukuliwa. Tulihamia Nanyamba kwenye mikorosho ya ndugu, na Mjomba akawa anashinda chini akibangua korosho kwa kupapasa, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda. Alikufa hajui sura za wanangu. Elia alikuja msibani akakaa nyuma kabisa, chakula hakugusa. Nilimfuata nikakaa naye.

Basi, mwanangu, ninalotaka ulishike ni hili. Ukifanya kazi na mtu aliyejifunzia kwingine, usitosheke kusikia neno unalolijua. Muulize analitumiaje, hata akuone mzito wa kuelewa. Nguvu zako zikipungua, sema mapema, kabla hajasimama mtu mbele ya mpira wako. Na mtu unayempenda akikuomba umfichie ugonjwa, mkatalie. Nenda ukaseme kwa anayeweza kusaidia, leo hii, wala usingoje akupe ruhusa, kwa sababu hatakupa. Atakuita msaliti. Kubali kuitwa hivyo.

Mungu akutunzie afya yako. Na siku itakapoanza kukuponyoka, akuwekee nyumbani mtu mmoja mbishi, wa kukusemea hata ukimkataza. Na ikiwa huyo mbishi ni wewe, basi ukemewe, ununiwe, hata kufukuzwa ufukuzwe, lakini umpendaye apone. Amina.