Mzee wa Kanisa Aliyenizuia Ubatizo

Baba aliniozesha kwa bibi mmoja wa Nyamuswa ambaye hakuzaa mtoto wa kiume. Kwetu wanaitaga nyumba ntobhu: mwanamke anakutolea ng'ombe, unamzalia watoto na mwanaume anayekuchagulia yeye. Nilikuwa sijamaliza darasa la sita.

Bibi alipofariki niliokoka, nikaomba kubatizwa. Mzee wa kanisa akasimama mbele ya watu wote. "Mama, wewe umeolewa na mwanamke mwenzio. Nenda kwanza ukatengeneze maisha yako."

Huyo mzee ndiye alikuwa mshenga wangu. Ndiye aliyewapeleka wale ng'ombe kwa baba. Nikamjibu hapo hapo, "Mzee, ulinipeleka mwenyewe. Nilikuwa nalia, ukaniambia ninyamaze."

Watu wakainama. Mchungaji akaniuliza kama namwamini Yesu. Nikasema namwamini, ila huyu mzee simwamini.

Nilibatizwa Jumapili iliyofuata. Majirani wananiulizaga mbona sihami kanisa. Nihame mimi nimefanya nini? Ahame yeye. Mpaka leo nakaa benchi la mbele, na habari ya kumsamehe bado nabishana na Mungu.